Sabuni ya Maziwa ya Kondoo na Peremende: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu walioishika sabuni hii mezani kwangu, wakainusa, wakaigeuza upande wa pili, kisha wakauliza. Ninatengeneza sabuni kidogo kidogo hapa Dar es Salaam, na nimeamua kuyajibu kwa urefu kwa sababu kitu ambacho mtu anajipaka mwilini kila siku anastahili kukifahamu vizuri kabla hajakitolea fedha.

Sabuni ya maziwa ya kondoo na peremende ni sabuni ya namna gani?

Ni sabuni ya kipande inayotokana na mafuta na kostiki soda, kama ilivyo kwa sabuni nyingine za kipande, isipokuwa kwamba kostiki soda haiyeyushwi katika maji bali katika maziwa ya kondoo, na mwishoni, mchanganyiko unapoanza kuwa mzito kama uji, hutiwa mafuta ya peremende. Kwa kila kilo moja ya mafuta mimi hutumia gramu 300 za mafuta ya nazi, gramu 300 za mawese na gramu 400 za mafuta ya zeituni, pamoja na gramu 300 za maziwa na gramu 15 za mafuta ya peremende. Mafuta na kostiki soda vikishakutana, hugeuka kuwa vitu viwili vipya, yaani sabuni yenyewe na gliserini, na katika sabuni iliyopimwa na kuiva sawasawa hakuna kostiki soda inayobaki.

Je, peremende na mnanaa tunaotia kwenye chai ni kitu kimoja?

Ni ndugu, lakini si mmoja. Mnanaa unaouzwa kwa mafungu sokoni mara nyingi ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Mentha spicata, na harufu yake ni laini na tamu. Peremende, yaani Mentha piperita, ni chotara aliyezaliwa na mnanaa huo na mnanaa wa majini, Mentha aquatica, na kwa kuwa kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota, hupandwa kwa vipande vya shina. Tofauti inayotuhusu hapa ni mentoli, yaani kile kitu kinacholeta ubaridi. Mafuta ya peremende yaliyokenekwa kwa mvuke huwa na mentoli kati ya asilimia 30 na 55 hivi, ilhali mnanaa wa chai unayo kidogo mno. Ndiyo maana mtu akisaga majani ya mnanaa wa bustanini na kuyatia katika sabuni hapati ubaridi wowote, na baada ya siku chache ule ukijani unaopendeza hugeuka kahawia kwa sababu ya ukali wa kostiki soda.

Kwa nini maziwa ya kondoo, na si ya ng'ombe au ya mbuzi?

Kwa sababu ni mazito. Maziwa ya kondoo huwa na mafuta ya asilimia 6 hadi 7, wakati ya ng'ombe na ya mbuzi huzunguka asilimia 4, na ukiyakausha maji yote, kinachobaki ni asilimia 18 au 19 ya uzito wake, tofauti na asilimia 12 au 13 ya maziwa ya ng'ombe. Uzito huohuo ndio uliowafanya Wafaransa wa Roquefort na Wagiriki wenye feta yao wayategemee kwa jibini kwa karne nyingi. Ndani ya sabuni, uzito huo hujionyesha katika povu, ambalo huwa dogodogo, zito na lenye utelezi kama malai, badala ya mapovu makubwa yanayopasuka haraka.

Ni lazima niseme wazi kwamba anayekosa maziwa ya kondoo akatumia ya mbuzi hapotezi mengi. Hapa kwetu kondoo wengi hufugwa kwa nyama na si kwa maziwa, na jike mmoja hutoa maziwa machache. Ninayoyapata huja kwa basi kutoka kwa mfugaji wa upande wa Chalinze, yakiwa yamegandishwa ndani ya deli la barafu, na zipo wiki ambazo hayaji kabisa.

Maziwa hufanya nini hasa kwenye ngozi?

Hili ndilo swali ambalo majibu yake mitaani yametiwa chumvi kuliko yote, kwa hiyo nitaanza na hesabu. Gramu 300 za maziwa ya kondoo zina kama gramu 55 za vitu vigumu, yaani mafuta, protini, sukari na madini. Zinazobaki ni maji. Sabuni inayotokana na kilo moja ya mafuta, ikishakauka, huwa na uzito wa kilo 1 na gramu 300 hivi. Ukigawanya, kipande cha gramu 100 kina takribani gramu 4 tu zilizotokana na maziwa, na unakipaka mwilini kwa dakika moja au mbili kisha unakisuuza.

Kwa hiyo maziwa hayalishi ngozi kama chakula kinavyolisha mwili. Kazi yake ni kuibadilisha sabuni. Sehemu ya mafuta yake hugeuka sabuni na sehemu hubaki kama mafuta, sukari yake huchochea povu, na povu likiwa na utelezi mkono hausugui ngozi kwa nguvu. Mtu mwenye ngozi inayokauka na kupauka upesi miguuni na viwikoni huhisi tofauti hiyo akishajifuta maji, kwa kuwa ngozi haimvuti kama ilivyozoea kuvuta.

Jambo jingine ni asidi ya laktiki. Utasoma kwenye matangazo kwamba sabuni ya maziwa huondoa ngozi iliyokufa kwa sababu ya asidi hiyo. Maziwa mabichi yana sukari iitwayo laktosi. Asidi ya laktiki huja pale maziwa yanapochacha. Hata yakiwa yamechacha, asidi ikikutana na kostiki soda haibaki asidi tena, inageuka chumvi iitwayo sodiamu lakteti, ambayo ina faida yake nzuri ya kuifanya sabuni iwe ngumu na ya kudumu, lakini haichubui chochote. Kuhusu vitamini, siwezi kuahidi kwamba zinapita salama katika kostiki soda, na kwa hiyo siziandiki kwenye karatasi ya kufungia.

Kama maziwa ni machache hivyo, ulaini wa sabuni hii unatoka wapi?

Unatoka katika mambo mawili ambayo hayatangazwi sana. La kwanza ni gliserini. Kila kilo ya mafuta inayogeuka sabuni huzaa kama gramu 100 za gliserini, ambayo huvuta unyevu na kuushikilia. Viwanda vingi vikubwa huitoa gliserini hiyo na kuiuza kando, ilhali katika sabuni ya mkono hubaki yote ndani. La pili ni mafuta yanayoachwa kwa makusudi bila kugeuzwa. Kwa mchanganyiko wangu, kostiki soda inayohitajika kugeuza mafuta yote ni gramu 152 hivi. Mimi hutia gramu 144, ili asilimia 5 ya mafuta ibaki kama ilivyo. Maziwa huongeza juu ya hapo, na vyote vitatu vikikaa pamoja ndipo tunapata kipande kinachotakatisha bila kuiacha ngozi kavu kama karatasi.

Na peremende? Ule ubaridi ni wa kweli au ni harufu tu?

Ubaridi unauhisi kweli, ila joto la ngozi halijashuka. Katika mishipa ya fahamu iliyo chini ya ngozi kuna protini ambazo kazi yake ni kutoa taarifa ya baridi, na mojawapo, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 2002 na kuipa jina TRPM8, huamshwa na baridi na pia na mentoli. Mentoli ikiigusa, ubongo hupokea habari ya ubaridi ingawa kipimajoto hakijasogea.

Mtu anayeoga Januari katika chumba kisicho na dirisha kubwa, maji ya tangi yakiwa ya vuguvugu hata saa tatu usiku, anajua thamani ya jambo hilo. Povu likishapita mgongoni hakuna linalotokea mara moja. Unamwaga kata ya kwanza ya maji, unasogea, upepo wa feni ya chumbani unapenya mlangoni, na hapo ndipo mabega yanapopoa kana kwamba mtu amepitisha kitambaa chenye barafu. Hali hiyo hudumu dakika chache, kisha inaondoka taratibu. Mentoli pia hupunguza mwasho kwa muda, na kwa sababu hiyo imetiwa katika losheni nyingi za mwasho zinazouzwa maduka ya dawa. Lakini sabuni husuuzwa, na kinachosuuzwa hakiwezi kufanya kazi ya losheni inayokaa mwilini.

Je, inafaa kwa harara?

Inasaidia kwa faraja, na kwa kuondoa jasho na mafuta yaliyoganda juu ya ngozi. Harara hutokea vijitundu vya jasho vinapoziba, na katika jiji hili, ambako hewa huwa nzito kwa unyevu hasa kuanzia Desemba hadi masika yanapokolea, vijitundu huziba upesi kwa mtu aliyevaa nguo za nailoni au aliyejipaka mafuta mazito ya mgando. Tiba yenyewe ni kupoza mwili: nguo nyepesi za pamba, chumba chenye hewa, na kuacha mafuta mazito sehemu zenye vipele. Sabuni ni msaidizi tu. Usiisugue kwa dodoki juu ya harara. Ipitishe kwa kiganja na suuza, na ikiwasha, iache mpaka ngozi itulie.

Inaondoa chunusi?

Hapana, na ubaridi usikudanganye. Watu wengi wamezoea kwamba dawa inayochoma au kupoza ndiyo inayofanya kazi, hivyo wanaposikia peremende usoni wanaamini chunusi zinakufa. Sabuni hii inaondoa mafuta na vumbi la barabarani, jambo ambalo ni jema kwa uso wenye mafuta, lakini chunusi hutokana na homoni, vinyweleo vilivyoziba na bakteria, na dawa zinazozitibu ni nyingine, zikiwemo zile zenye benzoili peroksaidi ambazo mfamasia anaweza kukueleza namna ya kuzitumia. Isitoshe, dawa hizo zenyewe hukausha ngozi. Anayezitumia asiongezee peremende usoni. Atafute kisafishio cha uso kisicho na harufu, na hii aiache kwa ajili ya mwili.

Inang'arisha ngozi au kutoa madoa?

Kila wiki kuna anayeniuliza, "Dada, hii inatakatisha?" Ninamjibu kwamba inatakatisha uchafu, rangi yake itabaki ileile, na ninafurahi kwamba itabaki. Madoa meusi yanayoachwa na chunusi au kuumwa na mbu hufifia yenyewe kwa miezi, na hufifia haraka zaidi ukiyakinga na jua na kuacha kuyatumbua. Hakuna povu la dakika mbili linaloweza kuyafuta.

Naomba msomaji anisikilize hapa. Sabuni inayobadilisha rangi ya ngozi kwa wiki mbili ina kitu ndani yake ambacho hakikupaswa kuwamo, na mara nyingi kitu hicho ni zebaki au haidrokwinoni, ambavyo vyote vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo, na mama anayenyonyesha au mjamzito humfikishia mtoto. Nimekaa na wanawake ambao mkorogo umewaacha na mashavu mekundu yasiyovumilia hata jua la saa mbili asubuhi, na nilichoweza kuwapa mimi ni ushauri wa kuacha na kwenda kwa daktari wa ngozi.

Nina ukurutu, mba au fangasi. Niitumie?

Mwenye ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, namshauri asiitumie, hasa wakati ngozi imechubuka au inatoa majimaji. Mafuta ya kunukia ya aina yoyote, hata ya asili, yanaweza kuuchokoza. Kama anapenda maziwa, atafute kipande kisicho na harufu kabisa, akijaribu sehemu ndogo kwanza. Mba wa mwilini na choa ni fangasi, na fangasi hutibiwa kwa dawa za fangasi; kuogea sabuni hii hakudhuru, lakini kuitegemea ni kuwapa fangasi muda wa kuenea na kuambukiza nyumba nzima. Upele unaowasha usiku na kuwapata watu kadhaa wa familia moja ni jambo la kupeleka kituo cha afya bila kuchelewa.

Watoto wanaweza kuoga nayo?

Watoto wachanga na walio chini ya miaka miwili wasioge nayo. Mentoli karibu na pua na mdomo wa mtoto mdogo inaweza kumfanya ashindwe kupumua ghafla, kwa sababu koo lake hujikaza. Kuna sababu ya pili inayotuhusu sisi watu wa pwani. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu, ni wa kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, na huko Nigeria madaktari waliwahi kuhusisha poda zenye mentoli na manjano kwa vichanga wenye upungufu huo. Kipande cha sabuni kina mentoli kidogo na husuuzwa, lakini mtoto mchanga hana shida yoyote ambayo peremende ingemwondolea. Maji ya uvuguvugu yanamtosha, pamoja na sabuni kidogo isiyo na harufu pale inapolazimu.

Kwa watoto wakubwa hakuna tatizo, mradi wafumbe macho. Peremende machoni inauma sana. Ikiingia, suuza kwa maji mengi safi.

Nina mzio wa maziwa. Je, nitadhurika?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mtu ambaye tumbo lake linasumbuka akinywa maziwa kwa sababu mwili wake hausagi laktosi hana cha kuogopa, kwani ngozi haisagi laktosi. Mwenye mzio wa kweli, ambaye protini za maziwa humfanya avimbe, atokwe na vipele au abanwe na kifua, ni tofauti. Kostiki soda huzivunjavunja protini kwa kiasi kikubwa, lakini mimi siwezi kumhakikishia kwamba hakuna kipande kilichobaki, na mzio wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi huambatana na mzio wa maziwa ya mbuzi na kondoo kwa kuwa protini zake zinafanana. Huyo aiache. Wengine wote nawashauri wajaribu povu kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, kwa siku mbili tatu kabla ya kuogea mwili mzima.

Nimesikia kwamba sabuni hizi za asili zina pH inayolingana na ngozi. Ni kweli?

Si kweli, na anayeuza kwa maneno hayo ama hajapima au hajui anachokiuza. pH ni kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na namba ndogo zaidi ni asidi. Ngozi yenye afya huwa na pH ya 5 hivi, upande wa asidi, wakati sabuni ya mafuta na kostiki soda, iwe ya maziwa au isiwe ya maziwa, hukaa kati ya 9 na 10. Ukiishusha mpaka 5, haibaki sabuni, inarudi kuwa mafuta. Ngozi nzima hurudisha hali yake baada ya muda, kwa hiyo kwa watu wengi si tatizo. Ila ni sababu nzuri ya kutooga kwa sabuni mara nne kwa siku. Katika joto letu, oga mara nyingi upendavyo, lakini sabuni ya mwili mzima itumie mara moja, na nyakati nyingine pitisha kwapani, miguuni na kwenye mikunjo tu, kisha maji matupu yamalizie.

Ndani ya uke haipaswi kuingia hata kidogo, na kwa sehemu zote za siri peremende inachoma.

Mbona nikitumia maji ya kisima haitoi povu?

Kwa sababu ya madini yaliyomo majini. Nyumba nyingi za jiji hili hutumia maji ya visima virefu, na mengi yana chumvi au ni magumu. Kalisi na magnesi zilizomo hushikana na sabuni na kufanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaouona ukielea kwenye ndoo na kuganda ukutani mwa bafu. Chumvi nayo huizuia sabuni kuyeyuka vizuri. Utando huohuo hubaki mwilini na kuufanya upauke na kuwasha, na lawama zote huangukia sabuni.

Mafuta ya nazi husaidia sana hapa, maana sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na ndiyo sababu mimi siyapunguzi chini ya asilimia 30. Ila dawa rahisi kuliko zote ni kuhifadhi ndoo ndogo ya maji ya bomba yanayotoka Ruvu, au ya mvua, kwa ajili ya kujisuuza mwisho. Kata tatu au nne zinatosha. Kisha, kabla mwili haujakauka kabisa, jipake mafuta mepesi, nayo yatafungia unyevu ndani.

Inanuka kondoo?

Hainuki. Maziwa mabichi ya kondoo aliyekamuliwa kwa usafi yana harufu ya utamu tu, na hayana ule ukali wa beberu ambao watu huuhofia. Nadhani wengi wanafikiria mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo bibi zetu waliyatumia kwa kifua na ambayo kweli yana harufu yake. Hayo hayamo humu.

Kwa nini vipande vingine ni vya rangi ya malai na vingine vya kahawia?

Ni sukari ya maziwa inayopata joto ikiwa ndani ya kostiki soda. Kostiki soda ikiyeyuka hutoa joto kali, na maziwa yasipopozwa huungua. Mara yangu ya kwanza niliimimina yote kwa mkupuo katika maziwa ya uvuguvugu. Yaligeuka rangi ya chungwa, kisha ya kahawia, yakavimba hadi ukingoni mwa ndoo, na jiko zima likajaa harufu ya amonia iliyotutoa machozi tukakimbilia uani. Niliyamwaga yote. Tangu siku hiyo maziwa huyagandisha kwanza, nikayavunja kama barafu ya kokoto, nikaiweka ndoo ndani ya beseni la barafu, na kostiki soda huingia kijiko kimoja baada ya kingine huku nikikoroga. Kipande cha kahawia hafifu hakina ubaya wowote. Ni joto la siku hiyo tu.

Naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani?

Unaweza, lakini jifunze kwanza mbele ya mtu anayeijua kazi. SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, imekuwa ikifundisha wajasiriamali utengenezaji wa sabuni kwa miaka mingi, na huko utaoneshwa upimaji kwa mizani na si kwa kikombe. Kila mafuta yana kipimo chake: kilo ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 za kostiki soda, kilo ya zeituni huhitaji 135 hivi, na anayebadilisha mafuta bila kupiga hesabu upya hutoa ama sabuni inayounguza au uji wa mafuta. Vaa glavu na miwani. Tia kostiki soda ndani ya kimiminika, kamwe usimwage kimiminika juu yake. Na usitumie sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa majikoni mwetu, kwa sababu kostiki soda huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma cha pua ndicho kinachofaa.

Baada ya kukatwa, vipande vinahitaji kuiva kwa wiki 4 hadi 6 penye hewa. Wakati wa masika mimi huviacha hadi wiki 8, maana hewa yenyewe imelowa.

Ni halali kwa Mwislamu?

Maziwa ya kondoo hayana shaka, na mafuta ninayotumia yote ni ya mimea. Kwa sabuni za dukani, soma karatasi: neno sodium tallowate lina maana ya mafuta ya wanyama kama ng'ombe au kondoo, na sodium lardate ni mafuta ya nguruwe. Sodium cocoate ni nazi, na sodium palmate ni mawese.

Nitajuaje kwamba ninayonunua ni nzuri?

Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo alama yake ndiyo ya kwanza kutafutwa. Kisha angalia jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Orodha ikisema tu harufu ya peremende bila kutaja Mentha piperita, huenda ni manukato ya kiwandani. Ibonyeze kwa kidole gumba, iliyoiva haibonyei. Ikinuka mafuta ya zamani au ikiwa na madoa ya rangi ya chungwa, mafuta yaliyobaki ndani yameanza kuharibika.

Mbona sabuni yangu inatoa jasho?

Ni gliserini inayovuta unyevu wa hewa. Matone hayo ni maji, na sabuni haijaharibika. Iweke juu ya kibao chenye nafasi za kupitisha maji, mbali na mahali ndoo inapomwagikia, wala usiiache dirishani juani kwa sababu peremende huruka na harufu hupungua. Kipande kinachokaa ndani ya maji huisha kwa wiki moja. Kilekile kikikaushwa kati ya kuoga na kuoga humfikisha mtu mmoja karibu mwezi.

Naweza kunyolea au kuoshea nywele?

Kwa kunyolea ndevu, utelezi wa povu lake unafaa sana, lakini usiirudie baada ya wembe kupita, kwa kuwa peremende kwenye mikwaruzo inachoma. Kwa nywele siishauri. pH yake huzikakamaza, na maji ya kisima yataacha utando ambao hautoki kwa kuchana. Mwenye upara au kichwa kilichonyolewa, hata hivyo, hufurahi kuliko wote. Wateja wangu kadhaa hununua kwa ajili ya hilo tu.

Kipande kikibaki chembamba nikifanyeje?

Kilowanishe pamoja na kipande kipya, vibandike, uviache usiku kucha. Kufikia asubuhi vitakuwa vimeshikana.